Dawa ya Upepo

Misigiri, Iramba
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Na baada ya hiyo nakupa shikamoo ya pili, ya kuomba radhi, kwa sababu ile ya kwanza najua umeiitikia huku umenuna. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kwenye lile shamba la juu na jembe begani, au umekubali kumwachia mjomba Sufiani? Mvua za huko Mlalo zimewapa nafasi ya kuanika maharage? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu kwenye simu huwa tunaulizana mambo matatu tu, halafu mtandao unatunyang'anya.

Mimi ni mzima. Naomba Zaina akusomee hapo mara mbili: mimi ni mzima. Sina upepo, sijapandisha kitu chochote kichwani, na watu wa huku hawajanifanya jambo. Zaina mdogo wangu, soma polepole na usiruke mahali, hata hapo mbele nitakapokusema wewe, maana nakujua.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Habari hii inataka karatasi, nikuanzie mwanzo, nawe usikilize bila kunikatiza na kusema "ndiyo maana nilikwambia".

Unajua naendesha gari la zahanati ya masista. Zahanati iko hapa juu, na kila Jumanne namshusha Nesi Elineema na sanduku lake la chanjo hadi vijiji vya bondeni. Kati ya huku juu na bondeni kuna mlima Sekenke. Chukua ile barabara yetu ya kushukia Soni, ondoa miti yote na ubaridi, weka mawe na vichaka vya miiba, basi umeiona Sekenke. Lami yake ni nzuri, lakini kona zimekunjana, na malori ya mizigo yanateremka yakiguna.

Kazi hii waliiomba wanaume watatu, nami wa nne. Sista Melania, ambaye ndiye mkuu wetu, alikaa kiti cha mbele na rozari yake mkononi, nikamshusha Sekenke na kumpandisha, halafu tena. Tulipofika akashuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Umenibeba kama yai." Wale watatu wakarudi makwao. Na mimi siku hiyo nikaapa moyoni kwamba Sista huyu hatanisikia nikilalamika hata siku moja. Kiapo hicho ndicho kilichotaka kuua watu, Mama. Naandika hivyo wazi ili nisije nikazunguka.

Ilianza wiki chache zilizopita. Tulikuwa bondeni, tunajiandaa kurudi, nikaona taa nyekundu ya breki inawaka na kuzima. Nikafungua boneti. Kile kikopo cha oil ya breki kilikuwa kimepungua chini ya alama. Nikaenda kwenye kiduka cha kando ya barabara, nikamwomba mwenye duka oil ya breki. Akanimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa, kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi, akasema ndiyo hiyohiyo wanayotumia watu wote. Ilikuwa nzito kidogo. Niliona kwamba ni nzito, kwa macho yangu haya. Lakini jua lilikuwa linatua, nesi alikuwa ananiita, nikaimimina. Taa ikazima, nami nikafunga boneti na mdomo.

Siku chache baadaye pedali ikaanza kulegea. Breki nzima ukiikanyaga inakutana na mguu wako palepale juu, ngumu. Hii ikawa inazama kama unakanyaga godoro la sufi. Ukikanyaga mara ya pili upesi, inapanda kidogo na gari linashika. Basi nikajizoesha kukanyaga mara mbili mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kila siku hodi mbili. Nikajiambia ni gari la zamani, lina maringo yake.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa nasikia sauti za wale wanaume watatu, ambao wala hawakuwepo. Nilikuwa nasikia wakisema, mwanamke huyo, si mnaona, gari limemshinda. Unajua mwanao nilivyo. Uliwahi kunifunga kitambaa mguu mzima kwa sababu nilitembea na mwiba siku nne nikisema siumwi.

Jumanne ile nilikuwa na Nesi Elineema na akina mama wawili waliokuwa wamejifungulia kwetu, wanarudi makwao bondeni na vichanga vyao. Mmoja anaitwa Monika, mwingine Tatu. Walikaa nyuma wakiwa wamefunika watoto kwa khanga kwa sababu ya vumbi, wanacheka mambo yao. Tukaanza kushuka. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili kulikuwa na lori mbele yetu, linatambaa. Nikakanyaga, mguu ukazama. Nikapiga hodi ya pili, ukazama tena mpaka chini kwenye sakafu, na hakuna aliyeniitikia.

Sijui kama marehemu Baba alikuwa ananiona. Lakini kile kitu alichonifundisha kwenye zile kona za Soni, kwamba nishuke na gia ileile ambayo ningepandia, ndicho kilichotuokoa, kwa sababu tayari nilikuwa gia ya pili. Nikaingiza ya kwanza, gari likalia kama mbuzi, nikavuta handibreki kidogo kidogo, nikaliegemeza kwenye changarawe upande wa ukuta wa mlima. Likasimama. Lori likaenda zake bila kujua kitu.

Nesi akauliza, "Dereva, vipi tena?"

Nikamwambia, "Haja ndogo imenibana."

Wakacheka wote watatu. Nikashuka nikaenda nyuma ya jiwe, nikakaa chini. Nilipata kusikia kitoto kimoja kinalia, halafu kikanyamaza, kimepewa ziwa. Nililia na mimi, Mama, nikafuta uso na ushungi, nikarudi nikawaambia gari lina hitilafu na sitashuka zaidi. Monika na Tatu tukawaombea nafasi kwenye gari la mkuu wa shule moja wa huko bondeni, mtu tunayemfahamu. Mimi na nesi tukageuza, tukapanda polepole hadi Misigiri, moja kwa moja kwa Fundi Msengi.

Huyu Fundi Msengi ni mzee wa Kinyiramba, mrefu, anafanya kazi peke yake kwenye banda la bati mahali mabasi yanaposimama. Maneno yake ni machache, na mengine anaiambia spana kwa Kinyiramba. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia kwenye gari. Akakanyaga pedali mara moja, ikazama. Akakanyaga haraka haraka mara tano, ikapanda. Akashuka.

"Imeingia upepo," akasema. "Kwenye mipira na mabomba ya breki inatakiwa oil tupu. Upepo ukiingia, unakanyaga upepo, hukanyagi breki. Humu umeongeza nini?"

"Oil ya breki, fundi."

"Ya kopo lililofungwa?"

"Ndiyo."

Neno moja tu, Mama, na lilikuwa la uongo.

Akasema basi ni upepo peke yake, Jumatatu atautoa, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa na kazi za watu. Nikamwambia Sista kwamba breki zimelegea na fundi amekubali kuzitengeneza. Yale mengine nikayameza.

Kesho yake ndipo wewe ulipopiga simu. Huku kulikuwa na upepo hasa, huu wa Singida unaong'oa mabati, na nilisimama nje kutafuta mtandao. Mimi nilisema hivi: gari imeingia upepo, nikikanyaga mguu unazama tu, nimekwenda kwa fundi, amesema ni upepo na Jumatatu anautoa, usiwe na wasiwasi, ni fundi mzee. Sasa ondoa hapo neno "gari", ambalo mtandao ulilimeza. Halafu usome tena.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma nilipoelewa, lakini siku ile sikuelewa. Nilikusikia tu ukisema "Ya Rabi", halafu "rudi nyumbani, mwanangu, rudi leo", halafu kimya. Nilifikiri umeogopa habari ya breki, kwa ajili ya Baba na kazi yake ya barabarani. Kumbe wewe ulikuwa unamwona mwanao ana upepo wa mashetani, amekaa kwenye mkeka mbele ya fundi wa ngoma, anafukizwa ubani, mguu mmoja umezama. Na Zaina, uliyekuwa umeshika simu kwa sauti ya juu, ungeweza kuuliza swali moja tu. "Dada, upepo gani?" Maneno matatu. Badala yake ukaenda kuwaita majirani.

Nimeambiwa mlisoma dua nyumba nzima. Nimeambiwa Maalim Zuberi aliandika aya za kombe kwa zafarani kwenye ile sahani nyeupe ya harusi yako, ile ambayo hata mimi sijawahi kuruhusiwa kuishika, na mkalifuta kwa maji na marashi, mkatia kwenye chupa. Nimeambiwa ulitembea na goti hilo mpaka stendi ukalikabidhi mwenyewe kwa kondakta. Hapo sicheki.

Jumatatu ikafika. Fundi alianza na gurudumu la nyuma, lile lililo mbali zaidi na pedali. Kuna kiskrubu kidogo pale nyuma ya gurudumu, akachomeka mpira mweupe wa dripu ambao Nesi Elineema alitupa, ncha ya pili ikaingia kwenye chupa. Mimi kazi yangu ilikuwa mguu.

"Kanyaga," anasema kutoka uvunguni. "Shikilia. Usiachie mpaka niseme. Haya, achia."

Tulifanya hivyo asubuhi yote, gurudumu moja baada ya jingine. Ukitazama ule mpira unaona mapovu yanapita pamoja na oil, makubwa, halafu madogo, halafu hakuna. Nilisikia raha ya ajabu kuyaona yakitoka. Tulipomaliza, pedali ilikuwa juu, ngumu, safi. Fundi akafuta mikono akasema, "Nikijaza kikopo basi. Kesho shuka." Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya jirani kuswali adhuhuri. Na kwenye sijda niliomba nisamehewe ule uongo wangu, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba sitamwambia mtu, maana gari si limepona?

Nikiwa huko, basi la Mwanza likasimama mbele ya banda. Kondakta akatoa chupa iliyofungwa kwa karatasi ya gundi, akampa Fundi Msengi, kwa sababu ni mimi mwenyewe niliyewaambia siku nyingi kwamba mzigo wowote uachwe kwa fundi. Na juu yake, kwa mwandiko mkubwa wa Zaina, kulikuwa kumeandikwa: DAWA YA UPEPO. MWANAIDI. KWA FUNDI, MISIGIRI.

Mama, jiweke mahali pa yule mzee. Asubuhi yote ametoa upepo. Kikopo kimepungua, kinataka kujazwa. Anapokea chupa yenye maji ya njano, rangi ileile ya oil ya breki, imeandikwa dawa ya upepo, imeandikwa kwa fundi. Akaona Sista ameagiza mjini kitu kipya. Akafungua, akamimina.

Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya boneti, chupa iko puani, amekunja uso.

"Mwanaidi," akasema, "mafuta gani haya yananukia harusi?"

Nikauona mwandiko. Nikaisikia harufu, Mama, ni harufu ya sebule yako siku ya Maulidi. Nikamweleza kila kitu palepale, simu, mtandao, wewe, kombe. Alinisikiliza bila kucheka. Mwishoni aliuliza neno moja.

"Maji?"

"Maji, fundi. Na zafarani na marashi. Na aya."

Akakaa kwenye tairi la lori. Akanieleza kwamba maji hayatakiwi humo hata tone. Ukishuka mlima mrefu breki zinapata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke ni upepo uleule tuliohangaika nao asubuhi. Nusu ya chupa ilikuwa imekwisha kuingia, na alikuwa amekanyaga pedali mara kadhaa kujaribu. Kwa hiyo kazi yote ya asubuhi imeharibika. Lazima amwage kila kitu, na ile silinda kubwa iliyo chini ya kikopo, inayosukuma oil ukikanyaga, aifungue, aioshe na kuikausha ndani. Hakukasirika. Alivua kofia, akasema kwanza tuchimbe shimo, kwa sababu maneno ya Mungu hayamwagwi pale watu wanapokanyaga. Alilichimba mwenyewe nyuma ya banda, mbali na njia, na tulichokitoa kwenye kikopo tukakifukia humo. Yeye ni mkristo wa kanisa la hapo jirani. Naomba umwambie Maalim jambo hilo.

Halafu akaifungua silinda. Akatoa vile vipira vidogo vya ndani, akaviweka kwenye kiganja, akavitazama kwa muda. Akaniita. Mpira mmoja ulikuwa umevimba, laini kama ndizi iliyoiva, na mdomo wake umechanika upande.

"Hii si kazi ya maji ya mama yako," akasema. "Maji yameingia sasa hivi. Mpira huu umeanza kuvimba siku nyingi. Oil ya breki haivimbishi mpira. Oil ya injini ndiyo inayovimbisha." Akanitazama. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, fundi."

"Ukasema kopo lililofungwa."

Nikamwambia yote. Dumu, chupa ya maji, uzito wake, wiki za kubisha hodi. Alitikisa kichwa, hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akasema upepo ulioingia ulikuwa dalili tu, ugonjwa ni huu mpira. Pedali ile ya asubuhi ingebaki ngumu mpaka kwenye kona ya pili au ya tatu, mpira ungeachia, na safari hii pengine kungekuwa hakuna changarawe ya kuegemea. "Mimi ningekuruhusu," akasema. "Nilishakuruhusu."

Unaelewa, Mama? Chupa yako isingefika, Jumanne ningeshuka. Ingefika saa moja baadaye, ningekuwa nimeshaondoa gari pale. Ingekuwa imeandikwa "kombe", mzee angenitunzia tu. Kila kosa lenu liliangukia mahali pake.

Nikaenda kwa miguu mpaka zahanati. Sista Melania alikuwa barazani anapanga kadi za kliniki.

"Shikamoo Sista. Nimekuja kukwambia jambo baya."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama."

Nikasema mpaka mwisho, na lile la haja ndogo pia. Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. Akaniuliza wale akina mama wawili wanaitwaje, nikamtajia, Monika na Tatu. Akauliza na vichanga. Nikasema vilikuwa havijapewa majina.

"Mwanaidi," akasema, "nilikuchagua kwa sababu unashuka polepole. Sikukuchagua kwa kuwa huogopi. Gari likikutisha, njoo useme. Na kama mimi ndiye ninayekutisha, njoo useme hilo kwanza."

Akanyoosha mkono, nikampa funguo, akazitia kwenye droo. Sikujua kama nitaziona tena. Siku mbili nilizunguka pale zahanati bila kazi, nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kukueleza kwamba narudi Mlalo, nawe ungefurahi, nami ningekufa kwa aibu.

Fundi alibadilisha mipira yote, ya silinda kubwa na ya magurudumu manne, kwa sababu ile oil mbaya ilikuwa imeshazunguka kila mahali. Akasafisha mabomba, akajaza oil ya kopo alilolifungua mbele ya macho yangu, kisha tukatoa upepo upya. Kanyaga, shikilia, achia. Mwisho akaniambia niwashe injini, nikanyage pedali na nisiuondoe mguu. Akaenda akanunua chai, akarudi nayo, akainywa yote taratibu akiwa amesimama dirishani kwangu, anatazama goti langu kama linashuka. Mguu ulikufa ganzi, lakini pedali haikuzama hata unywele. Alipomaliza chai akasema, "Hii sasa ni breki." Akaenda yeye mwenyewe kwa Sista kumwambia.

Kliniki ya Jumanne ilihamishiwa Alhamisi. Asubuhi hiyo Sista alikuja kwenye gari, akaniwekea funguo kiganjani bila hotuba, akaingia kiti cha mbele na rozari yake. Nesi akakaa nyuma. Kabla ya mlima nilisimama, nikashuka, nikafungua boneti, nikatazama kikopo, nikawaambia wote wawili kwa sauti, "Oil iko juu ya alama. Pedali ni ngumu. Naogopa kidogo." Sista akasema, "Vizuri. Twende." Sasa nafanya hivyo kila safari, na nesi ananitania kwamba nimeanza kuadhini.

Pale kona ya pili nilikanyaga, mara moja tu, na pedali ikaniitikia palepale juu. Nikatoa machozi, nikasingizia vumbi. Bondeni tulimkuta Tatu kwenye foleni ya chanjo. Mtoto wake amepewa jina, ni Salama. Tatu hajui kitu, ananisalimia kama kawaida, akanipa niwabebe wote wawili, mtoto na mfuko wake wa karanga. Nilimshika yule mtoto muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi, Mama, ulisema nirudi. Nimekusikia, na najua ulisema kwa uchungu. Lakini huku nimepata watu ambao naweza kuwaambia kwamba naogopa, na kwa mtu wa kichwa kigumu kama mimi hilo si jambo dogo. Niache nikae. Mguu wangu haukuzama, kichwa changu kizima. Nakushukuru kwa zile dua ulizoniombea kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, maana zilikuta ule niliokuwa nao. Nakushukuru kwa ile sahani. Nakushukuru kwa hatua zote za goti bovu mpaka stendi.

Nisalimie Bibi, umwambie ubaridi aliosema nitaukumbuka nimeukumbuka kweli. Nisalimie mjomba Sufiani, alichukue lile jembe kabla sijaja kulichukua mimi. Maalim Zuberi mpe shikamoo yangu, na umweleze kwa utaratibu, usimshtue, kwamba kombe lake limefika kwenye Land Cruiser. Zaina nimemsamehe, mwandiko wake mzuri. Fundi Msengi anakusalimu sana, anasema hajawahi kuona mzazi anayetibu gari kutoka Tanga.

Jambo la mwisho sikumwambia hata Sista. Fundi alimimina nusu tu ya chupa, na nusu alinirudishia. Jioni ile niliyotoka kusema kweli barazani, nilikaa kitandani nikasoma bismillahi, nikainywa yote mpaka tone. Kwa hiyo nusu ya dawa yako ililiingia gari, na nusu iliniingia mimi, na sote wawili upepo umetutoka.

Mwanao aliyesema uongo na hatarudia,
Mwanaidi